Kwenda Kusaidia Waliopatwa na Maafa

Wiki hii somo letu linahusu kusaidiana wakati wa maafa. Tutasoma habari za binti mmoja wa hapa kwetu Kiruruma. Mwaka 2016 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Likizo ya Desemba ilipofika hakuja nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwanza wilaya ya Missenyi, yeye na wenzake wa kikundi cha wanafunzi Wakristo, kusaidia watu walioangukiwa na nyumba katika tetemeko la ardhi.

Aliporudi alikuja kwenye kikundi chetu cha kisomo akiwa na daftari lake. Alitusomea aliyoyaona, mazuri na mabaya. Sisi tulidhani tutasikia habari za vijana hodari waliokwenda kuokoa watu. Kumbe yeye alikuja kutuambia jinsi walivyokosea, na jinsi walivyojifunza. Tumeona jambo hilo lina faida kwetu sote. Someni polepole, kisha mjadiliane.

TETEMEKO LA MWAKA 2016

Wengi wetu tunaikumbuka siku ile. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri. Ndugu zetu Waislamu walikuwa wanajiandaa kwa Idi ya Kuchinja, iliyokuwa siku mbili mbele. Ardhi ikatikisika mkoa mzima wa Kagera. Hata Uganda na Rwanda walilisikia.

Tetemeko lile lilikuwa na nguvu ya 5.9 katika kipimo cha matetemeko. Lilianzia kiasi cha kilomita 40 chini ya ardhi, upande wa Missenyi, karibu na Nsunga. Serikali ilitangaza kwamba watu 17 walifariki na watu 440 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Nyingine zaidi ya 14,000 zilibaki zimesimama lakini zina nyufa za hatari. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, kule Bukoba, ziliharibika vibaya hata zikafungwa.

Kwa nini ardhi hutikisika? Wataalamu wanaeleza kwamba ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa polepole sana, upande huu na upande ule. Bonde la Ufa ni alama ya kuvutwa huko. Ikivutwa kwa miaka mingi, mahali fulani mwamba hukatika ghafla. Hapo ndipo sisi juu tunatikiswa. Si uchawi, na wala si kosa la mtu yeyote.

Lakini jamani, tuelewe jambo moja. Mtu aliyekuwa shambani kwenye migomba siku ile alitikiswa tu, akasimama, akaendelea kuishi. Aliyekuwa chini ya ukuta mbovu ndiye aliyekufa au kuvunjika. Mara nyingi kinachoua si ardhi. Kinachoua ni nyumba.

Michango ilitolewa na watu wengi, wa ndani na wa nje ya nchi. Watu wa Msalaba Mwekundu, makanisa, misikiti na raia wa kawaida walisaidia. Lakini sehemu kubwa ya michango ilielekezwa kwenye majengo ya umma, kama shule na vituo vya afya. Serikali ilisema wazi kwamba haitaweza kumjengea kila mwananchi nyumba yake. Kwa hiyo wazee na wajane wengi walibaki chini ya maturubai, na mvua za vuli zikawakuta hapo. Hao ndio vijana wetu waliokwenda kuwasaidia.

SAFARI

Vijana walikuwa 14, na mwalimu wao mmoja. Jumla yao 15. Walishuka hadi Kyaka, wakavuka daraja la mto Kagera. Sisi wazee tunalijua daraja hilo. Lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na watu wa upande ule walikimbia na kuacha kila kitu. Miaka 38 baadaye, watu wale wale, na watoto wao, walikuwa wanalala nje tena.

Binti yetu aliandika hivi katika daftari lake:

"Tulikuwa na furaha. Tuliimba njia nzima. Tulibeba nguo, sabuni, unga na majembe. Tulidhani tutajenga nyumba tatu kwa siku kumi na mbili. Kati yetu hakuna aliyewahi kujenga hata banda la kuku."

Kijijini walipokelewa na mwenyekiti wa kitongoji. Baada ya salamu, mzee yule aliwauliza maswali matatu tu. Mtalala wapi? Mtakula nini? Nani kati yenu ni fundi? Swali la kwanza walilijibu: watalala darasani. La pili walilijibu: wamebeba unga. La tatu wakatazamana.

NANI AANZE KUJENGEWA?

Kamati ya kijiji ilikuwa na orodha. Iliandikwa na watu wa kijiji wenyewe, wanaojuana. Wa kwanza katika orodha alikuwa bibi mmoja mjane anayelea wajukuu watatu. Bibi huyo ni Mwislamu.

Usiku ule, darasani, maneno yakaanza. Mmoja wa vijana akasema, "Sisi tumetumwa na waumini wenzetu. Michango ni ya kanisa. Si tuanze na Wakristo?" Wengine wawili wakaunga mkono. Mwingine akasema kwamba nyumba ya bibi iko mbali na barabara, na kubeba matofali kule ni taabu.

Mwalimu hakugomba. Alimwambia binti yetu asimulie mfano wa Msamaria, ule ambao Yesu aliwasimulia watu. Binti akasimulia. Mtu alipigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani. Watu wawili wa dini yake wakapita wakaenda zao. Aliyesimama ni mgeni, mtu wa kabila lililodharauliwa. Alimfunga majeraha, akamlipia gharama za kulala.

Alipomaliza, mwalimu akauliza, "Je, Msamaria alimwuliza majeruhi anasali wapi?"

Kukawa kimya. Asubuhi walikwenda kwa bibi.

Ndugu wasomaji, hapa tutue kidogo. Hata sisi hapa Kiruruma tuna Wakatoliki, Walutheri, Waislamu na wengine. Likitokea jambo, je, tutatazama nani ameumia zaidi, au tutatazama nani ni wetu? Mti ukianguka hauchagui paa. Na msaada usichague.

NDIZI ZA BIBI

Bibi alifurahi sana kuwaona. Waliamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu, karibuni." Jioni aliwaandalia ndizi na maharage, akawapakulia mwenyewe. Vijana wakala wakashiba.

Kesho yake, binti yetu alikwenda kisimani na mjukuu mkubwa wa bibi. Mtoto akamwambia kwamba ndizi zile ziliazimwa kwa jirani. Migomba ya bibi ilikuwa bado haijatoa. Watarudisha mwezi ujao.

Binti anasema aliona haya, hata ndoo ikamtoka mikononi. Walikuja kusaidia, na kwa usiku mmoja tu walimtia bibi deni. Bibi hakukosea. Kwetu mgeni hawezi kulala na njaa. Waliokosea ni wageni, ambao hawakutoa unga wao mapema. Tangu siku hiyo walipika wenyewe, wakachota maji wenyewe, na wakamwita bibi na wajukuu kula nao. Na jirani akarudishiwa ndizi zake. Vijana walichanga fedha wakanunua mkungu gulioni.

Hebu tufanye hesabu ndogo.

Watu ni 15. Kila mmoja anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa siku moja ni kilo 7 na nusu. Kwa siku 12 ni kilo 90.

Bibi na wajukuu watatu ni watu 4. Wakila nusu kilo kila mmoja, kwa siku moja ni kilo 2. Basi unga wa kilo 90 ungewatosha siku 45. Yaani mwezi mmoja na nusu!

Mnaona? Wageni wasipobeba chakula chao, wanaweza kumaliza chakula cha mwezi mmoja na nusu cha watu waliokuja kuwasaidia.

UKUTA ULIOBOMOLEWA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa.

Kijiji kilikuwa na fundi mmoja mzee. Lakini siku mbili za kwanza fundi alikuwa kwenye msiba kijiji cha pili. Vijana hawakutaka kukaa bure. Siku zilikuwa zinakwisha. Wakasafisha kifusi, wakakusanya matofali mazima, wakaanza kupandisha ukuta juu ya msingi wa zamani. Walitumia udongo kushika matofali. Mvua ilinyesha, wao wakaendelea. Baada ya siku mbili ukuta ulikuwa umefika kifuani. Walipiga picha. Walifurahi.

Fundi akarudi. Alizunguka ukuta bila kusema neno. Akateremsha timazi. Ukuta ulikuwa umelala upande. Akachimba kidogo kando ya msingi. Msingi ulikuwa na ufa, na haukwenda chini hata futi moja. Akatazama pembeni, mahali kuta mbili zinapokutana. Matofali hayakuumana. Kila ukuta ulisimama peke yake.

Akasema, "Bomoeni."

Vijana walikasirika. Mmoja alisema, "Tumeacha likizo zetu, tumekuja kwa kujitolea, na bado tunadharauliwa!" Binti mmoja alilia. Hata binti yetu, anasema moyoni alimchukia yule mzee.

Ndipo bibi akaja, ameshika mkono wa mjukuu wake mdogo. Akasema kwa upole:

"Wajukuu zangu, mimi nawashukuru. Lakini ninyi ukuta huu mtauacha, mtakwenda zenu. Mimi na hawa watoto ndio tutakaolala chini yake."

Binti yetu aliposoma maneno hayo katika darasa letu, alinyamaza kwa muda. Nasi tulinyamaza.

Walibomoa. Wa kwanza kushika jembe alikuwa yule kijana aliyekasirika.

FUNDI ALIVYOWAFUNDISHA

Tangu hapo fundi akawa mwalimu, na wanafunzi wa chuo wakawa vibarua wake. Haya ndiyo aliyowafundisha. Tunayaandika ili nasi tuyatumie.

1. Chimba msingi mpaka ufike kwenye ardhi ngumu. Usijenge juu ya msingi wenye ufa.

2. Kwenye pembe, matofali ya ukuta huu yaingie katika ukuta ule, yaumane kama vidole vya mikono miwili. Ukuta usioshikwa na mwenzake huanguka nje tetemeko likija.

3. Mlango na dirisha visiwe karibu sana na pembe. Pembe ndiyo nguvu ya nyumba.

4. Juu ya madirisha pitisha lenta kuzunguka nyumba yote, bila kukatika. Lenta inafunga kuta kama mkanda unavyofunga suruali. Yenye nguvu zaidi ni ya zege na nondo. Asiyeweza zege aulize fundi namna ya kutumia mbao ngumu zilizounganishwa vizuri.

5. Ile sehemu ya juu ya ukuta yenye pembe tatu, chini ya paa, usiijenge kwa matofali mazito. Huanguka upesi. Tumia mbao au bati.

6. Paa liwe jepesi, na lifungwe vizuri kwenye kuta.

7. Tofali bichi na udongo havitaki mvua. Funika kazi yako, au ngoja jua.

8. Pima kila mara kwa timazi na kamba. Jicho hudanganya.

Siku 12 zilipokwisha, nyumba tatu hazikuwepo. Hata moja haikuisha. Walikuwa wamechimba msingi mpya, wamepandisha kuta za vyumba viwili mpaka kwenye lenta, na wamechimba choo. Basi. Paa lilimaliziwa na wanakijiji wenyewe baada ya mvua kupungua, fundi akisimamia. Binti yetu anasema kuta zile zilikwenda polepole, lakini hawaoni haya kwamba watu wanalala ndani yake.

KAZI HII ILIANZA ZAMANI

Desturi ya vijana kwenda kujenga mahali palipoharibika si mpya. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mhandisi mmoja wa Uswisi aliyeitwa Pierre Cérésole, Mkristo aliyekataa vita, alikwenda na wenzake kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, nchini Ufaransa. Kijiji hicho kilikuwa kimebomolewa kwa mizinga. Katika kundi lake walikuwamo Wajerumani, yaani watu wa taifa lililokuwa adui. Walitaka kujenga upya, na kuonyesha kwamba maadui wanaweza kupatana. Lakini majeraha ya vita yalikuwa mabichi. Kuwaona Wajerumani pale kuliwaudhi watu, na baada ya miezi michache kazi ikasimama.

Cérésole hakukata tamaa. Tarehe 15 Januari, 1934, tetemeko kubwa lilipiga jimbo la Bihar nchini India, likaua maelfu ya watu. Alikwenda huko na watu wachache wa Ulaya. Walifanya kazi pamoja na Wahindi wenyewe, wakasaidia kujenga vijiji mahali pa juu, pasipofikiwa na mafuriko.

Tunajifunza nini? Nia njema peke yake haitoshi. Mwenye kusaidiwa lazima akubali, na lazima awe na neno katika kazi. Esnes walikwenda na nia njema, wakashindwa kumaliza. Bihar walifanya kazi na wenyeji, kazi ikaenda. Na vijana wetu kule Missenyi walipita njia hiyo hiyo kwa siku 12.

SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, sisi wenye watoto wanaosoma. Mtoto akisema anataka kwenda kusaidia waliopatwa na maafa, tusimkataze. Tumwulize maswali ya yule mwenyekiti: Utalala wapi? Utakula nini? Nani atakuongoza kazi? Akiwa na majibu, tumpe baraka na jembe.

Pili, sisi kama kijiji. Siku moja huenda wageni wakaja kwetu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kumpa jembe si kumwacha ajilimie anavyotaka. Kamati iwe na orodha ya wenye shida zaidi, iliyosomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Wageni wapewe mwenyeji wa kuwaongoza na fundi wa kuwasimamia. Na kazi ikiwa mbaya, tuseme. Tusiogope kwa sababu wamekuja bure. Ukuta mbovu wa bure unaua kama ukuta mbovu wa kununua.

Tatu, nyumba zetu wenyewe. Baada ya binti kumaliza kusoma, mama mmoja katika kikundi chetu alisimama akasema, "Mimi nyumba yangu ina ufa tangu siku ile. Nimeupaka udongo usionekane." Tukacheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Kumbe wengi tulikuwa tumepaka udongo.

Tuliamua kupita nyumba kwa nyumba, watatu watatu, na fundi mmoja. Ufa unaopita ukuta mzima, au ulio kwenye pembe, tuliuandika katika daftari. Nyumba ya mzee mmoja asiyejiweza tuliifanyia kazi pamoja, kila Jumamosi, mpaka ikaisha. Hatukungoja wageni, wala hatukungoja tetemeko lingine.

Na ardhi ikitikisika tena, mkumbuke. Ukiwa nje, baki nje, mbali na kuta na miti mikubwa. Ukiwa ndani na huwezi kutoka upesi, jikinge kichwa, ingia chini ya meza imara, kaa mbali na madirisha. Ikitulia, toka nje. Usirudi ndani kabla nyumba haijakaguliwa, maana mitikisiko midogo inaweza kufuata na kuangusha kilicholegea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunasema kwamba mara nyingi kinachoua si ardhi bali ni nyumba?

2. Kama ungekuwa yule bibi, ungewaambia vijana wabomoe, au ungenyamaza kwa kuona haya? Kwa nini?

3. Je, ni haki michango ya watu wa dini moja kumjengea mtu wa dini nyingine? Jadilianeni.

4. Hesabu: vijana 10 watakaa kijijini siku 8. Kila mmoja anakula nusu kilo ya unga na robo kilo ya maharage kwa siku. Wabebe kilo ngapi za unga? Na kilo ngapi za maharage?

5. Nenda nyumbani leo. Tazama pembe nne za nyumba yako, ndani na nje. Andika ulichokiona katika daftari lako. Usipake udongo kwanza.